Wimbo Una Meza, Mwenyewe Hana

Jumamosi iliyopita binamu yangu alitimiza miaka arobaini, tukaenda kumlisha katika mkahawa mmoja wa ufuoni hapa Malindi. Menyu ilikuwa Kiitaliano upande huu, Kiingereza upande ule. Kiswahili kilibaki midomoni mwa maweita. Niliagiza samaki wa kuchoma. Akaja amelala katikati ya sahani nyeupe pana kama sinia, kando yake kipande cha ndimu na matone matatu ya kitu cha kijani. Binamu akaninong'oneza: "Huyu samaki amekuja na shamba lake."

Keki ilipotolewa, taa zilizimwa. Maweita sita wakatoka jikoni wakigonga sufuria kwa miiko na kuimba "Jambo Bwana". Watalii wa meza ya pili wakasimama kuitikia, na maneno wanayajua kutushinda sisi. Kelele zilipotulia nikamwita weita mmoja. "Mdogo wangu, wimbo huu ni wa nani?"

Akacheka. "Ah, dada, huu si wimbo wa hoteli tu?"

Samaki nimeshamsahau. Jibu hilo bado lanikereketa.

Wimbo ule una wenyewe. Ni wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Kaloleni, kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison, na ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bendi hiyo ilikuwa ikiwatumbuiza wageni mahotelini, na Kalanda akashona pamoja salamu na maneno mepesi ambayo mgeni angeweza kuyashika kabla ya kumaliza chakula chake. Mwaka 1983 kundi la Boney M wakauchukua na kuuimba Ulaya. Tangu hapo umekuwa kama chumvi: upo kwenye kila meza, na hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Wala si kwamba pwani hii haijui kutundika majina. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498, na nguzo yake wageni wanaipiga picha mpaka leo. Ernest Hemingway alivua samaki bahari hii mwaka 1934. Malindi ukapatikana mkahawa wenye jina la kitabu chake, The Old Man and the Sea, na Watamu hoteli yenye jina lake mwenyewe. Hata Karen Blixen, ambaye kahawa yake aliilima huko chini ya vilima vya Ngong, amepata mkahawa Malindi. Lakini wa Teddy Kalanda? Mimi sijapata kuketi kwenye mkahawa wa jina hilo.

Mnakumbuka Januari 2021, Waziri wa Utalii Najib Balala alipotangaza kwamba mwanamitindo Mwingereza Naomi Campbell atakuwa balozi wa kimataifa wa utalii wa Kenya, baada ya kukutana naye hapa hapa Malindi. Mitandao ikawaka moto: mbona si Lupita Nyong'o, binti yetu mwenye Oscar? Mimi sikuwa na ugomvi na Naomi. Malindi anaipenda, na huja bila kuombwa. Kilichonishangaza ni kwamba katika zogo lote lile lililopita mbele ya macho yangu, sikuona hata mmoja aliyeitaja Kaloleni. Wimbo ulioitangaza Kenya miaka arobaini bila mkataba wa ubalozi haukupata hata asante.

Msidhani nawachukia wageni. Waitaliano walizoeana nasi tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco huko Ngomeni. Satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Waliokuja na mambo ya anga walikuja pia na tambi zao, na aiskrimu yao naila bila haya. Ila pizza tamu kupita zote nilizokula mji huu ilikandwa na kijana wa Magarini, na jina lililoandikwa juu ya mlango lilikuwa la tajiri wake.

Rai yangu ni ndogo. Hoteli inayouimba wimbo ule iongeze mstari mmoja kwenye menyu, chini ya vitamutamu: "Jambo Bwana, wa Teddy Kalanda, Kaloleni." Wino wa mstari huo haufiki bei ya yale matone ya kijani.

Tulitoka mkahawani na njaa, kama kawaida, tukasimama kwa mama wa viazi karai pale kando ya barabara. Alichovya viazi kwenye rojo la unga lenye bizari, akavitosa, mafuta yakaguna. Vilipoiva akavipasua kwa kisu, akamwagia ukwaju wenye pilipili, akanikabidhi juu ya ukurasa wa gazeti la zamani. Ulikuwa ukurasa wa burudani. Nyota fulani alikuwa ameloa ukwaju mpaka kidevuni.

Hapo ndipo aibu iliponishika. Viazi vyake nimevila miaka tisa, nami humwita Mama Viazi kama wanavyomwita wengine wote. Nikamuuliza jina.

"Leo ndiyo waniuliza?" akasema, macho kwenye karai. Akanitajia, la babake na la ukoo pia. Kisha akaniona nimetoa kalamu.

"Mwanangu, ni la gazetini?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi liwache hapo hapo. Likitoka Jumamosi, Jumatatu askari wa kanjo hawa hapa, wataka leseni. Nikuongeze ukwaju?"