Je, Wajua? Jenerali Aliyeingia Vitani na Mkongojo

Juni 6, 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, ufukweni Utah, Normandy, Ufaransa, jenerali alishuka pamoja na askari wa kwanza kabisa. Brigedia Jenerali Theodore Roosevelt Jr., mtoto wa Rais wa zamani wa Marekani, alikuwa na miaka 56, maumivu ya viungo na mkongojo mkononi. Alinyimwa ruhusa ya kushuka na kundi la kwanza, akaomba tena kwa maandishi.

Mashua zilitua mbali na mahali palipopangwa. Akalikagua eneo kwa miguu, risasi zikivuma, akaamua vita vianzie hapo hapo. Uamuzi huo ulihitaji macho yake mwenyewe.

Siku hiyo hiyo mwanawe, Kapteni Quentin, alikuwa ufukweni Omaha. Baba alifariki kwa mshtuko wa moyo Julai 12.

Lakini gharama ya kiongozi kuwa mstari wa mbele nayo ni kubwa mno. Mwaka 1889, katika vita vya Metemma dhidi ya Wamahdi wa Sudan, jeshi la Mfalme Yohannes IV wa Ethiopia lilikaribia kushinda. Mfalme akapigwa risasi mstari wa mbele. Habari zikaenea, jeshi likarudi nyuma.

Oktoba 2, 1990, Meja Jenerali Fred Rwigyema aliuawa, siku moja tu baada ya waasi wa RPF aliowaongoza kuingia Rwanda. Wapiganaji wake wengi walifichwa kifo hicho kwa wiki kadhaa.