Pikipiki Mpya Isitwishwe Mzigo Siku ya Kwanza

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kiliweka akiba kwa muda mrefu, kikaongeza mkopo, kikanunua pikipiki ya bodaboda. Kesho yake kijana waliyemwajiri akaanza kupandisha magunia ya mahindi mlimani, tena mbio, ili pesa ya mkopo ipatikane upesi. Kabla ya mwaka kwisha pikipiki ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kumaliza oili ovyo. Ikalala kwa fundi, lakini mkopo haukulala. Akina mama walilipa kila mwezi kwa pikipiki isiyotembea.

Nami nilijilaumu. Tuliwafundisha hesabu za mkopo, lakini hakuna aliyewaambia kwamba injini mpya huzoeshwa.

KWA NINI IZOESHWE?

Ng'ombe mchanga hafungwi plau kutwa nzima siku ya kwanza. Injini nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka katika silinda. Pistoni ina ringi, na kazi ya ringi ni kuziba: moto usipite chini, na oili isipande juu. Ringi mpya zaonekana laini kwa macho, lakini bado hazijalingana na ukuta wa silinda. Kilomita za kwanza ndizo huzisugua mpaka zikae sawasawa. Injini ikipata joto kali wakati huo, chuma hukwaruzana na ringi hazizibi vizuri tena. Hapo nguvu hupungua na oili huungua. Samaki mkunje angali mbichi.

KILOMITA 1,000 ZA KWANZA

1. Someni kitabu kinachokuja na pikipiki. Mwendo usiopaswa kupitwa umeandikwa humo. Kama ni cha Kiingereza, mwombeni mwanafunzi wa sekondari awaeleze nyote.

2. Dereva asivute mafuta mpaka mwisho. Lakini pia asiende mwendo mmoja kutwa. Apandishe kidogo, ateremshe, kwa sababu ringi hukaa vizuri zikifanya kazi ya kiasi.

3. Mlimani arudishe gia mapema. Injini ikitetemeka kwenye gia kubwa inaumia, hata kama mwendo ni wa pole.

4. Asubuhi aiwashe, angoje kidogo, aondoke polepole. Asiiache ikinguruma tu stendi, wala asipige resi kufurahisha watoto! Safari ikiwa ndefu, aipumzishe njiani.

5. Magunia yangoje. Abiria ni mmoja, na hiyo ni sheria ya siku zote.

6. Oili ya kwanza imwagwe mapema, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000, kama kitabu kinavyosema. Hiyo oili imebeba vumbi la chuma lililosuguliwa, kwa hiyo msione ni hasara. Siku hiyo fundi akaze nati, aangalie spoki, na arekebishe cheni, maana cheni mpya hulegea.

Kumbukeni pia kwamba tairi mpya huteleza na breki mpya hazijashika vizuri. Kwa kilomita kama 100 hivi, dereva asilalie kona wala kufunga breki kwa ghafla.

NA MKOPO JE?

Hilo ndilo swali nitakaloulizwa. Hebu tupige hesabu. Pikipiki ikienda kilomita 80 kwa siku, kilomita 1,000 zitakwisha kwa wiki mbili hivi. Sio muda mrefu. Basi kabla ya kununua, tengeni kando pesa ya kulipa mkopo mwezi wa kwanza, pamoja na ya oili. Na katika wiki hizo mbili msimdai dereva pesa nyingi kila jioni. Mkimdai nyingi, atazitafuta, na injini ndiyo itakayolipa.

Yule kijana hakuwa mbaya. Alifanya vile alivyotumwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Katika kikundi chetu, nani ataandika kilomita kila jioni?
- Tumeweka kiasi gani kwa oili ya kwanza?
- Je, dereva wetu ana ruhusa ya kukataa mzigo, hata ukiwa wa mwenyekiti?