Picha za Kale Zisipakwe Rangi Kiholela

Siku hizi imeenea kazi ya kuzitia rangi picha na filamu zilizopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Picha ya babu huingizwa katika kompyuta, na mara kanzu, ngozi na majani hupata rangi. Wengi hufurahi, wala furaha hiyo si kosa. Lakini linapofikia suala la kumbukumbu za umma, jambo hili lataka hadhari.

Kazi yenyewe si ngeni. Tangu miaka ya 1840 wapigapicha wa Ulaya walipaka rangi picha zao kwa brashi. Mzozo ulizuka Marekani katika miaka ya 1980, kampuni zilipozitia rangi filamu za zamani kwa kompyuta ili zipate soko katika televisheni. Watengenezaji filamu walipinga, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kuwa filamu zilizomo katika orodha ya taifa zikibadilishwa, watazamaji waarifiwe waziwazi.

Kiini cha mambo ni kwamba kompyuta haioni rangi iliyopotea. Inakisia tu, kwa kufuata picha nyingine ilizofunzwa. Tena, vioo na filamu nyingi za kupigia picha kabla ya miaka ya 1920 havikuhisi wekundu: nyekundu ilitoka kama nyeusi, na buluu ikatoka karibu na nyeupe. Tuchukue mfano wa kisutu, kanga ya arusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Katika picha ya namna hiyo, nyekundu na nyeusi huwa kitu kimoja. Mashine ikibandika kahawia, mjukuu ataamini kuwa bibi yake aliolewa na kanga ya kahawia.

Na hatari haiishii kwenye nguo. Mwaka 2021 zilichapishwa picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, ambako maelfu waliteswa na kuuawa. Baadhi ya nyuso zilikuwa zimebadilishwa zionekane zikitabasamu. Serikali ya nchi hiyo na jamaa za marehemu walilalamika, na picha zikaondolewa.

Sisi Visiwani tunazo picha za bandari, mashamba ya karafuu, shule na mikutano ya hadhara. Hizo ni ushahidi, si mapambo. Kwa hiyo yafaa wahusika wa nyaraka, elimu na utangazaji wazingatie mambo matatu. Kwanza, nakala ya asili ihifadhiwe bila kuguswa. Pili, kila nakala iliyotiwa rangi iandikwe hivyo, pamoja na mwaka wa kazi hiyo. Tatu, kabla ya kuiuliza mashine, waulizwe wazee wetu wangali hai, na majibu yao yaandikwe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari letu lisiandikwe kwa kubahatisha.