Kona Isipofunga, Pesa Iende Wapi Kwanza?

Fundi wa Kanoni ambaye kona za fremu zake hazifungi huambiwa upesi anunue mashine ya kukatia kona. Ushauri huo ni ghali, na kwa wengi umekuja mapema mno. Msumeno wa meza anaoutumia kila siku kupasua mbao unaweza kukata digrii 45 safi, mradi ajue kwanza kosa liko wapi.

Fremu ya pembe nne ina mikato 8. Kila mkato ukikosea nusu digrii tu, makosa yanajumlishana: ukilazimisha kona tatu zifunge, ya nne inabaki na digrii 4. Kwenye ubao wa upana wa sentimita 5, huo ni mwanya wa karibu milimita 5. Gundi na unga wa mbao haviwezi kuuficha, na mteja atauona.

Mwanya wenyewe husema mengi. Ukiwapo siku ile ile ya kuunganisha, tazama mashine. Kona ikifunga vizuri, kisha baada ya wiki kadhaa ikafunguka upande wa ndani, mbao ilikuwa mbichi. Mbao ikikauka hupungua upana, urefu haubadiliki sana, kwa hiyo pembe uliyoikata haibaki ile ile. Msonobari au mgrivea uliopasuliwa katikati ya mvua za masika hautaponywa na mashine ya bei yoyote. Dawa yake ni kuupanga chini ya paa, vipande vyembamba vikitenganisha mbao na mbao ili hewa ipite, na kusubiri.

Sasa mashine. Chomoa umeme. Chagua jino moja la msumeno, pima umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza, ule ambamo geji ya kona hupita, likiwa mbele, zungusha msumeno, upime jino hilo hilo likiwa nyuma. Vipimo vikitofautiana, legeza boliti za meza au za ekseli, unyooshe. Meza nyingi zilizochomelewa na mafundi hazina mfereji. Hapo pima kutoka ukingo wa meza, ikiwa umenyooka. Geji ya kona ikicheza ndani ya mfereji, gonga vitone kwa ponchi ubavuni mwa reli yake mpaka ibane. Bandika msasa usoni mwa geji ili mbao isiteleze. Haya yote hugharimu saa chache tu.

Skwea nayo ipimwe. Chora mstari kutoka ukingo ulionyooka, igeuze, uchore tena pale pale. Mistari ikiachana, skwea imekosea nusu ya tofauti hiyo. Kwa digrii 45, ile pembetatu ya plastiki iliyomo kwenye mkebe wa mwanafunzi inatosha kabisa, na mkebe mzima ni bei ya soda chache. Sijaona kifaa kinachorudisha pesa yake haraka kuliko hicho.

Pesa ya pili iende kwenye msumeno wenyewe, yaani ile diski ya meno. Wa inchi 10 wenye meno 24 umetengenezwa kupasua kwa urefu. Ukikatia kona huchana nyuzi za mbao. Kwa kona tafuta meno 60. Wa chuma cha kawaida ni nafuu na unaunoa mwenyewe kwa tupa, lakini huisha makali upesi. Wa kabaidi hukaa na makali muda mrefu zaidi, ila kuunoa kunahitaji jiwe la almasi. Kwa anayetengeneza fremu mara kwa mara, ningechukua wa kabaidi na kuutunza kwa kazi ya kukata tu.

Kisha tengeneza sleji: kipande cha plaiwudi, reli mbili chini yake, na juu yake kingo mbili zinazokutana kwa digrii 90 kamili. Upande mmoja wa kona ukikatwa kwenye ukingo mmoja kwa digrii 46, na mwenzake kwenye ukingo wa pili kwa 44, bado jumla ni 90 na kona inafunga. Weka kizuizi pia, maana pande zinazotazamana zisipolingana urefu, kona hazifungi hata pembe zikiwa sahihi.

Mashine ya kukatia kona inastahili pesa kwa fundi wa dari na mikanda ya milango, anayekata vipande virefu ndani ya nyumba ya mteja. Kwa huyo, kusukuma ubao wa mita nne juu ya meza ni taabu na ni hatari. Akitoka Kanoni kwenda kununua Bukoba, bei ijumlishwe na nauli ya kupitia Kyaka, kwenda na kurudi, na safari nyingine kama ina kasoro. Kabla ya kulipa, ashushe mkono wa mashine na kuusukuma kushoto na kulia: ukicheza, aiache. Ukitulia, aombe ubao, akate vipande viwili vya digrii 45, aviunganishe na kuweka skwea pale pale dukani.