Joto la Kaskazi na Saumu: Kuilinda Nafsi ni Katika Dini

Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo,

Ndugu zetu Waislamu, tokea Disemba mpaka Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, Unguja na Pemba hupata joto kali kuliko nyakati nyengine za mwaka. Miaka hii Ramadhani nayo inatukuta ndani ya msimu huo. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa miladia, saumu zetu za miaka kadhaa ijayo pia zitakuwa za kaskazi. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa upande wa mwili na upande wa sheria.

Jasho haliupozi mwili kwa kutoka tu, bali kwa kukauka. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, hivyo jasho huchuruzika bila ya kukauka. Mwili unapoteza maji na chumvi, na joto linabaki ndani. Wanaodhurika upesi ni wazee, watoto wachanga, waja wazito, wenye maradhi ya moyo, figo na kisukari, na wanaofanya kazi juani kama wavuvi, wakulima wa mwani, wachukuzi na mafundi wa ujenzi.

Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukakamaa misuli. Mtu huyo awekwe kivulini, alegezwe nguo na anyweshwe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuzimia au kupata degedege, hiyo ni hatari ya roho. Amwagiwe maji, apepewe na apelekwe hospitali haraka. Aliyepoteza fahamu asitiwe maji mdomoni, yasije yakampalia.

Hapa ndipo linapokuja suala tunaloulizwa sana: je, na saumu yake?

Jawabu ni kuwa mwenye kuchelea kuangamia au kupata madhara makubwa ni wajibu wake kufungua. Allah Mtukufu ametukataza kujiua (An-Nisaa, 29), na katika aya za saumu ametubainishia kuwa anatutakia wepesi wala hatutakii uzito (Al-Baqara, 185). Aliyefungua kwa sababu hiyo hana dhambi wala kafara. Atalipa siku yake baadaye.

Ama wafanyao kazi nzito, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wamewataja kwa mfano wa wavunaji. Ikiwa kazi haiwezi kuahirishwa wala kufanywa usiku, mtu atie nia usiku na aamke amefunga. Akifikwa na mashaka makubwa mchana, atafungua na atalipa. Hafungui kwa kuogopa joto tu kabla halijamzidi. Mzee asiyeweza tena kufunga hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, wala halipi.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa safarini aliona watu wamemzunguka mtu aliyetiliwa kivuli. Alipoambiwa kuwa amefunga, alibainisha kuwa kufunga safarini kwa hali hiyo si katika wema. Aidha, maimamu hao wawili wamepokea kuwa aliamrisha Adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali. Sheria hii imelizingatia joto tangu asili yake.

Basi tujipange. Tunywe maji kidogo kidogo tokea futari mpaka daku, wala tusiyabugie kwa mkupuo. Daku tuicheleweshe, kwani ni sunna, na tupunguze vyakula vya chumvi nyingi. Kazi za juani tuzifanye asubuhi mapema au baada ya Alasiri. Mwenye kutumia dawa amuulize daktari wake kabla ya Ramadhani kuingia.

Na tuwaangalie wazee wetu, khasa wanaokaa peke yao katika nyumba za bati. Wako wanaoona haya kula mchana, wakaficha udhaifu wao mpaka wakaanguka. Hawa wasilaumiwe wala wasichekwe. Wana wao na wajukuu wao wawape maji kwa mikono yao, na wawaambie kuwa aliyewafaradhishia saumu ndiye aliyewapa ruhusa.

Wallahu a'lam.