Soda Kali na Ngozi ya Mfanyakazi

Katika viwanda vya sabuni, mafuta hukutanishwa na soda kali iliyoyeyushwa majini, yakachemshwa na kukorogwa hata yakageuka sabuni na gliserini. Na siri ya amali hiyo, ambayo Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1823, ndiyo siri ya jeraha limpatalo mfanyakazi amwagikiwapo na maji hayo, kwani mwili wa mwanadamu nao una shahamu yake, na soda haibagui baina ya mafuta ya nazi na mafuta ya ngozi.

Hapo ndipo soda inapohitilafiana na tindikali. Tindikali, mathalan ile ya betri, huichoma ngozi kwa ghafula na kuigandisha ikawa gamba gumu, ambalo aghalabu huizuia tindikali yenyewe isizame zaidi. Ilhali soda huiyeyusha nyama, ikajifungulia njia, ikaendelea kushuka ndani kwa muda mrefu, na mara nyingi bila maumivu makali mwanzoni. Mtu huhisi utelezi tu vidoleni, akajipangusa kwa kitambaa na kurejea kazini, kumbe madhara yanazidi. Jichoni hatari ni kubwa mno, kwa kuwa soda yaweza kupenya kioo cha jicho katika dakika chache na kumwachia mtu upofu wa daima.

Dawa ya kwanza ni maji, papo hapo, kabla ya kutafuta gari la kwenda hospitali: nguo na viatu vivuliwe, na maji safi yatiririke juu ya jeraha dakika zisizopungua 30, na kwa soda pengine saa 1 au 2. (Ikiwa ni chokaa au saruji kavu, ipanguswe kwanza.) Siki na ndimu, ambazo wengi huzikimbilia wakidhani zitaivunja soda, zisitumiwe, maana mchanganyiko huo huzaa joto, tena huupoteza wakati wa kuosha.

Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zimemwajibisha mwajiri kuwakinga watumishi wake. Lakini glavu na miwani, ijapokuwa ni faradhi, havitoshi. Nawasihi wenye viwanda: wekeni bomba la kuogea na la kuoshea macho hatua chache tu kutoka kwenye pipa la soda, pasiwe na mlango wa kufungwa baina yake, na lifunguliwe kila juma ili ijulikane kwamba maji yanatoka.