Bomba laweza kukausha Ziwa Victoria?

WAKAZI wa Shinyanga na Kahama nchini Tanzania walitaabika kwa miaka mingi wakifukua maji ya kunywa katika mchanga wa mito iliyokauka, ilhali Ziwa Victoria halikuwa mbali nao. Mnamo 2004, serikali yao ilianza kulaza mabomba ya kuwafikishia maji ya ziwa hilo. Mradi ulizinduliwa rasmi 2009, na baadaye ukapanuliwa hadi Tabora.

Mzozo ulizuka mapema. Mkataba wa 1929 baina ya Misri na Uingereza, iliyotawala Kenya, Uganda na Tanganyika, ulikataza kazi yoyote kwenye Mto Nile na maziwa yanayoulisha ambayo ingepunguza maji ya Misri bila idhini yake. Tanganyika iliukana 1962, Mwalimu Julius Nyerere akishikilia kuwa taifa huru halifungwi na ahadi za mkoloni.

Je, ziwa litapungua? Hesabu ni rahisi. Eneo lake ni takriban kilomita mraba 68,800, hivyo kina cha milimita moja tu ni takriban lita bilioni 68.8. Mtambo wa Ihelele ulijengwa kusafisha lita milioni 80 kwa siku. Milimita hiyo moja ingeutosha kwa zaidi ya miaka miwili, ilhali jua huvukiza milimita kadhaa kila siku.

Mzigo mkubwa ni umeme, kwani maji hayapandi mlima yenyewe. Sharti yasukumwe kwa pampu hadi tangi lililo kilimani ndipo yateremke mijini.

Hata hivyo, unyunyizaji wa mashamba makubwa ni suala tofauti, kwa kuwa mimea hunywa maji kuliko miji. Aidha, kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka mno kutokana na ukame pamoja na maji mengi kufunguliwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda.

Ndiyo sababu mataifa husika yanahitaji kanuni za pamoja. Mkataba mpya wa bonde la Nile ulianza kutumika Oktoba 13, 2024, baada ya kuidhinishwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kenya, iliyoutia sahihi 2010, haikuwa miongoni mwa sita hizo.